Faksi Iliyokwama Siku Tatu

Shangazi yangu Auleria hakuwa mtu wa hasira, mpaka ile wiki ya mwaka 1995. Alikuwa mchapaji katika ofisi moja ya misaada upande wa Nyakahanga, na ni yeye tu aliyejua kutuma faksi kwa kompyuta. Ilikuwa kompyuta kuukuu yenye Windows ya zamani, imeungwa na waya wa simu.

Jumanne fundi kutoka Mwanza alileta disketi nne, akaingiza programu mpya ya faksi. Akasema ile ya zamani iondolewe. Mkuu wa ofisi, Ildefonsi, akakataa. Yeye shamba lake la migomba kule Rugu halina mfano, basi akamwambia fundi kwamba mgomba mama haukatwi mpaka mtoto wake asimame. Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, akapanda gari akaenda zake. Mimi, niliyekuwa nikishinda na shangazi pale ofisini wiki ile, sikukipenda kile kicheko.

Tangu hapo haikutoka faksi hata moja. Shangazi aliiona sababu siku ile ile: ukiwasha kompyuta, programu ya zamani inawahi kuishika simu na haiiachii, ile mpya ikija inakuta simu ina mwenyewe. Alimweleza Ildefonsi mara tatu. Mara ya tatu akajibiwa, binti, usiguse mtambo wa watu. Binti, na shangazi ana miaka arobaini.

Nje kwenye benchi alikaa Kantengwa, mkimbizi wa kutoka Rwanda. Mwanawe wa miaka sita, Theoneste, alikuwa ameonekana kwenye kituo cha watoto waliopotea kule Ngara. Lori la kuwapeleka wazazi lilikuwa liondoke Jumamosi, na majina yao yafike Ngara kwa faksi kabla ya Ijumaa saa sita. Bila jina hakuna kibali. Alikuja Jumatano, akaja Alhamisi, akaja na Ijumaa. Alisalimia kila mtu, akauliza kama jina limekwenda, akarudi kukaa.

Ijumaa saa nne Ildefonsi alitoka kwenda kuangalia magari. Shangazi akafunga mlango, akaifuta programu ya zamani, akazima kompyuta, akawasha upya. Simu ikalia ule mlio wake wa kukwaruza, faksi ikaondoka. Saa tano na nusu Ngara wakajibu kwamba jina wamelipata.

Ildefonsi aliporudi akaambiwa programu ya zamani imefutwa na jina limekwenda, hakuuliza ni jina la nani. Alivuta kiti, akaanza kumsomea shangazi barua ya onyo ili aichape, na mwenye kuonywa ndiye huyo huyo. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Siku tatu yule mama amekaa pale nje," akasema, "na wewe bwana hujamuuliza hata mwanawe anaitwa nani. Hiyo barua chapa mwenyewe."

Akatoka kumwambia Kantengwa akafungashe. Yule bwana akabaki anatafuta herufi kwa kidole kimoja, na mpaka ninaondoka pale mlangoni alikuwa hajamaliza tarehe.