Betri Iliyofungwa Kinyume

Gari letu ni pikapu ya dizeli, kuukuu, na mlango mmoja unafunguliwa kwa nje tu. Sisemi haya kwa aibu. Huku kwetu juu ya Mbumbuni, nionyeshe mwanamke mwingine wa rika langu aliyezeeka na gari uani. Mimi na mume wangu tulilinunua kwa ndengu na maembe, na siku lilipopanda kile kilima mara ya kwanza nilisimama kando ya barabara kusudi, majirani wanione nikiliangalia.

Siku hizi halibebi ndengu. Linabeba mume wangu, mzee. Sukari imemla figo zote mbili, na mara mbili kwa wiki lazima afike hospitali ya mjini afungwe kwenye mashine ya kusafisha damu. Akikosa anavimba. Miguu kwanza, halafu uso, halafu maji yanapanda kifuani na anapumua kama mtu aliyelaliwa na godoro. Daktari hakutuzungusha. Alisema mtu huyu akiruka zamu, anaweza kufa.

Sasa niseme juu ya betri, maana hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Kwetu betri ya gari ina kazi mbili. Siku ambazo gari halitoki, mwanangu huitoa na kuiingiza ndani, akaifunga kwenye waya za sola, kwa sababu ile betri iliyokuja na sola ilikufa zamani. Inawasha taa, inachaji simu, na mjukuu wangu anasoma. Yuko kidato cha nne na anashika namba za mbele, na hilo nitalisema popote, hakuna wa kunikataza. Ikikaribia siku ya hospitali, betri inarudi garini. Nyumba nyingi huku zinaishi hivyo, betri moja ikihama kama mke wa pili.

Wiki hiyo betri yetu ilikuwa imechoka kabisa. Mwanangu akanunua nyingine sokoni, ya mitumba, kimo kilekile, upana uleule. Jioni akaifunga.

Betri ina vinundu viwili vya risasi juu yake. Kimoja kina alama ya kujumlisha, kingine cha kutoa, na waya za gari zina pete za kuvishwa pale. Kwenye betri yetu ya zamani cha kujumlisha kilikuwa upande wa taa. Kwenye hii kilikuwa upande wa injini. Mwanangu hakuangalia alama. Alikuwa ameifunga ile nyingine siku nyingi mpaka mikono ikawa inajiendea yenyewe, na ilikwenda palepale ilipozoea.

Na bado chuma kilimkatalia. Kinundu kimoja huwa kinene na kingine chembamba, na pete zake ni hivyohivyo, ili mtu asikosee. Pete moja haikuingia. Akaipanua kwa bisibisi na kuigonga kwa nyundo. Nyingine ikawa inacheza. Akakata kipande cha bati kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akakipachika humo, akakaza. Mimi nilikuwa nimeketi hapo nikichambua kunde. Nilimtazama nikafikiri, mtoto wangu huyu ana bidii.

Pete ya mwisho ilipogusa, ilitoa cheche na harufu ya plastiki iliyoungua.

"Hiyo ni nini?" nikamuuliza.

"Ni kawaida, mwaitu. Betri hii iko na nguvu." Mwaitu ndiyo mama kwetu. Akafunga boneti akaenda kuoga.

Asubuhi tulimpandisha mzee garini na koti lake na blanketi magotini. Uso ulikuwa umeanza kujaa tayari, macho yamebaki mistari. Mwanangu akazungusha ufunguo. Kimya. Hata ile taa nyekundu ndogo ya kwenye dashibodi haikuwaka. Akazungusha tena na tena, kana kwamba gari ni mtu asiyesikia vizuri.

"Wacha kulipapasa," mzee akasema. "Shuka ulifungue."

Akafungua boneti, akatikisa waya, akasema pengine betri haikuchajiwa. Wanaume wawili wa jirani waliokuwa wakipita na punda wa maji wakaitwa kusukuma. Tulilisukuma likateremka kilima chote hadi ukingoni mwa mto, na halikukohoa hata mara moja. Gari lililofungwa vile ungelisukuma mpaka Mtito Andei lisiwake. Sasa lilikuwa limelala chini kwenye mchanga, na mzee ndani yake.

"Mzee, hili gari ni lako kweli," mmoja wa wale akasema, akijifuta jasho. "Nalo limeanza kuringa kama mwenye nyumba."

Mzee akamtazama. "Peleka punda wako maji, mwanangu. Yeye angalau amewaka."

Wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilisikia alivyovuta pumzi kati ya maneno.

Pikipiki haikuwezekana. Tulishajaribu siku moja, akazimia, akaanguka na mwanangu chini yake. Matatu inayopita kwetu ilikuwa imeondoka kabla jua halijatoka, na jirani mwenye gari alikuwa Nairobi. Kwa hiyo mwanangu akampigia fundi simu, tukakaa kumngoja. Jua likapanda. Nilifungua milango yote na kumpepea mzee kwa kifuniko cha sufuria. Alitaka maji. Mgonjwa wa figo maji yake ni ya kupimwa, kwa hiyo nilimlowesha midomo kwa kidole, naye akanyonya kidole changu kama mtoto.

Fundi alifika na mfuko wa spana mgongoni. Aliinama juu ya betri, akakivuta kile kipande cha bati kwa vidole viwili.

"Nani alifunga hii?"

"Ni mimi," mwanangu akasema.

"Ukiwa macho?"

"Nilikuwa macho."

"Basi afadhali ungekuwa umelala." Akamwonyesha alama. "Hii ni ya kujumlisha. Umeipa waya wa bodi, ule wa kutoa. Gari lote limekunywa moto wa betri kinyumenyume."

Mwanangu ni mtu mzima mwenye watoto, na nilimwona akikunja mdomo kama alivyokuwa akiukunja akiwa na miaka mitano.

"Mimi na gari," mzee akasema kutoka ndani, "sisi wote damu yetu imeharibika. Msimpigie kelele."

Fundi akaigeuza betri, akarudisha kila pete mahali pake. Ufunguo. Kimya. Akatafuta fyuzi kubwa, akaikuta imeungua, nyeusi kama jino bovu. Hakuwa na nyingine, akaiunganisha kwa nyuzi za shaba. Taa zikawaka, lakini zile nyuzi zikaanza kutoa moshi palepale. "Alternata, ile ya kuchaji betri, imekufa, inakula moto wote," akasema, akaichomoa waya. Akatuambia gari litakwenda kwa betri peke yake. Sasa stata ikazunguka, lakini injini haikushika. Akasikiliza, akazungusha, akasikiliza. Mwishowe akavuta waya mmoja kutoka betri moja kwa moja hadi kwenye pampu ya dizeli, kwa sababu bila moto pampu haifungui mafuta. Injini ikashika kwa moshi mweusi.

"Msizime," akasema. "Mkizima, mimi sijui."

Njiani mzee alilala begani kwangu. Kila tuta lilimtoa mlio mdogo. Sikuomba. Nilikuwa nikihesabu pumzi zake na saa tulizochelewa pamoja, na mwanangu aliendesha bila kugeuza shingo.

Hospitalini kiti chake kilikuwa na mtu. Muuguzi, msichana mwenye sauti ya upole, alisema walimngoja, kisha wakampa mgonjwa aliyefika. Siwezi kumlaumu. Kule ukichelewa nyuma yako kuna mwingine anayevimba.

"Mama, mashine zote ziko na watu. Kaeni hapa kwa benchi. Tukipata nafasi nitawaita. Tusipopata, nitaongea na daktari."

Tukakaa. Mwanangu alibaki nje garini, akaacha injini ikinguruma, hathubutu kuizima. Saa zikapita. Midomo ya mzee ikawa na rangi ya majivu, na nilipobonyeza mguu wake kidole kiliacha shimo lisilojaa.

Kisha muuguzi akaja. "Leteni mzee. Kuna mmoja wa zamu ya mchana hakufika."

Tulimshika huku na huku. Alipoona kiti alichopelekwa, akasimama. Kilikuwa cha mama mmoja mnene wa kutoka Kiboko. Zamu zao zilipokutana walikuwa wakibishana habari za ndizi na maharagwe, vyakula walivyokatazwa.

"Huyu ameenda wapi?" akauliza.

Muuguzi alipanga mirija. "Mzee, keti kwanza."

"Nimeuliza."

"Alifariki jana. Watu wake wamepiga simu sasa hivi."

Mzee akabaki amesimama, akishikilia mkono wa kiti. Akasema yeye hawezi kukaa mahali pa maiti ambayo haijazikwa. Kwetu mambo hayo yana uzito, nami najua. Lakini nilimwangalia ule uso, nikamwambia, "Keti. Huyo mama hana kazi nacho tena. Mimi nina kazi na wewe."

Akaketi. Muuguzi akamchoma sindano, mashine ikaanza kuzunguka. Kisha mzee akauliza kama huyo mama alikosa gari.

Muuguzi akasema hajui, simu haikueleza.

Mzee akageuza uso ukutani. Nilimshika mkono ule usio na sindano, nikaangalia damu yake ikitoka na kurudi, ikitoka na kurudi, na pumzi yake ikalegea kidogo.