Tumekula

Kila jioni, kabla ya kufunga kibanda, fundi cherehani hupangusa chaki vidoleni, tepu ingali shingoni, kisha huandika shajara taratibu kama anayekunja pindo: "Leo tumeamka salama. Tumemkaripia mteja, tumejuta." Binti wa kaka yake huchungulia na kucheka. "Shangazi, hao sisi ni nani? Tangu mumeo afariki si unaishi peke yako? Jiandike wewe, ujijue."

"Mazoea yana taabu, mwanangu." Hukata "tu", juu yake huandika "ni". Kesho yake "tu" imerudi. Jana alijikaza, akaandika "Nimekula" bila kukosea hata mara moja. Akaitazama mno, mguu ukikanyaga cherehani isiyo na uzi, kisha akaongeza: "Hatujashiba."