Mguu Bila Adresi

Bisheni kama munaweza: nimeona hospitali ya hapa Goma ikikataa mguu sababu hauna adresi. Mama mumoja alileta kijana wake, mguu umeungua, umevimba. Karani akageuza kadi ya bima.

“Mama, bima inalipia mutu mwenye adresi. Yenu iko chini ya lava ya volkano.”

Mama akanyanyua ule mguu, akauweka juu ya meza ya karani. “Nyumba ilienda. Na huu, papa, uko chini ya nini?”

Daktari wa urgence, wa wagonjwa wa haraka, akachungulia, akacheka. “Andika anakaa kwangu.”

Akatibiwa. Leo, kwa karatasi, kijana huyo anakaa villa kando ya ziwa. Nani kati yenu amefika huko?

Nilichoacha kusema: kijana ni mimi. Nilikuwa nakanyaga lava, nawaonyesha majirani eti imeshapoa.