Uyoga wa Bibi, Niliunywa Mimi

Bibi alinitazama usoni, akasema: "Wewe ni Mheshimiwa, mjukuu wangu, mtundu wa bweni."

Kijiko kikamponyoka shangazi.

Tuelewane, waungwana. Mheshimiwa ndilo jina langu, na huyu ni bibi ambaye wiki nzima iliyopita aliniita fundi bomba.

Na fundi bomba nilijitakia. Tangu tufunge shule, kila asubuhi niliingia chumbani kwake na vazi jipya, nikasimama wima kama gwaride: "Bibi, mimi ni nani?" Leo kofia ya askari, kesho aproni ya mpishi. Kwangu ulikuwa mtihani wa taifa wenye vichekesho.

Nyumbani lakini hakukuwa na kicheko. Bibi, fundi cherehani aliyevalisha nusu ya mtaa, alikuwa anaweka mkasi kwenye friji na kusahau jiko likiwaka. Baba akatoa hukumu kwa simu: "Jumapili nakuja. Kama hana nafuu, anahamia kwangu ghorofani."

Bibi akajibu: "Humu nitatoka nimebebwa."

Ndipo shangazi, msusi mwenye imani kali na simu yake, akaleta unga wa uyoga. Uyoga mweupe, manyoya kama ndevu za mzee.

"Una viambato vya kuamsha ubongo!" akatangaza.

Daktari wa kliniki alimwambia wazi: "Dada, utafiti wake bado mchanga. Mpe ukipenda, ila dawa zangu msiache, na msijipe matumaini ya bure."

Shangazi alisikia "mpe ukipenda" tu.

Sasa jina langu limetoka kinywani mwa Bibi! Vigelegele. Simu kwa baba. "Kaka, uyoga umejibu!"

Jumamosi nikawa napita nje ya dirisha la jikoni. Shangazi akakoroga unga kwenye kikombe cha uji cha Bibi, akatoka. Bibi akachungulia mlangoni, akabadilisha kikombe chake na changu. Hakumwaga hata tone.

Yaani siku zote hizo uyoga nilikuwa nakunywa mimi! Ladha ya soksi mbichi niliisikia, ila bweni lilishanifundisha kutouliza maswali mezani.

Nikaingia. "Bibi! Unafanya nini?"

Akanivuta sikio taratibu. "Kunywa, baba. Dawa ni yako."

"Yangu kivipi?"

"Kila asubuhi unakuja kuniuliza wewe ni nani. Mara askari, mara mpishi. Maskini, mtoto mdogo hivi! Nikamuuliza shangazi yako jina lako, nikalikariri usiku na mchana. Ukilipoteza kabisa, angalau mmoja wetu awe nalo."

Nikakichukua kikombe, nikanywa. 

Jumapili baba akafika. Nikisema, Bibi anahamishwa. Nikinyamaza, anaachwa na jiko lake, siku moja nyumba iungue naye ndani.

Nikasema.

"Muongo huyu!" shangazi akafoka. "Mama, mwonyeshe kaka kwamba umepona. Huyu aliyeingia ni nani?"

Bibi akampa baba mkono, kwa heshima zote.

"Karibu, daktari."

Baba akakaa chini. Ndiye mtoto wake wa kwanza. Shangazi akageukia ukuta.

"Daktari," Bibi akaendelea, akinionyesha mimi, "huyu mtoto atalazwa?"

Baba akanitazama.  "Atalazwa, mama. Kwangu, ghorofani."

"Basi twende wote. Mgonjwa wangu simwachi."

Bibi huyohuyo wa kutoka amebebwa, akafunga mzigo mwenyewe.

Sasa tuko ghorofani. Dawa za kliniki anazinywa, kwa sababu nimemwambia ni vitamini za wauguzi. Kila asubuhi ananishika paji la uso: "Leo umekumbuka chochote?"

"Bado, Bibi."

Siwezi kupona. Nikipona, ataomba kurudi kwake.

Na shule inafunguliwa Jumatatu.

Funzo, waungwana: usimfanyie mzaha anayekupenda. Anaweza kukuamini.