Tepu Iliyomkondesha Bwana Mdogo

Walimwita Bwana Mdogo, na kweli mtoto alikuwa na amri zake. Jana kala ndizi mpaka akalilia maganda. Leo ukimwonyesha ndizi anafunga mdomo utadhani umemletea dawa. Wali wa sahani hautaki, uliomwagika sakafuni anaufukuzia punje kwa punje. Mama yake, fundi cherehani, alishangaa mpaka akachoka kushangaa.

Kilichomtia hofu hasa ni tepu. Kila Jumapili alimzungushia mwanawe tepu tumboni, ileile aliyopimia wateja tangu aanze kazi, na kila Jumapili tumbo lilikuwa palepale, au limerudi nyuma kidogo. Akambana mtoto magotini, akamlisha kwa nguvu. Mtoto akautemea ukuta.

Mama mkwe aliposikia hakumung'unya maneno. "Mjukuu wangu anakuishia mikononi, mwanangu. Jumamosi namchukua, nikamnenepeshe mwenyewe."

Fundi alilia. Lakini angebisha vipi, na tepu imeshasema? Akamshonea mtoto suruali ya safari kwa vipimo vya Jumapili.

Jumamosi bibi akaingia, kabana pumzi ndani ya gauni aliloshonewa na mkwewe huyohuyo. Suruali ikapandishwa, ikagoma mapajani. Wakavuta. Kifungo kikaruka, kikalia kwenye sufuria!

"Huyu ndiye anayekonda?" bibi akauliza.

Fundi akailaza tepu juu ya rula ya mbao ya kukatia vitambaa. Tepu ilikuwa imevutika kwa uzee. Mita yake iliipita mita ya mbao kwa vidole vitatu, hivyo kila aliyepimwa alisomeka mwembamba kuliko alivyo. Mungu wangu! Na wale wateja wote waliolalamika nguo zinabana, akawaambia wapunguze kula?

"Na mimi je?" bibi akamaka. "Nalala na njaa kwa maneno yako! Hebu leta chakula hapa."

Akala kwa hasira. Bwana Mdogo akamtazama, akampandia mapajani, akafungua mdomo mwenyewe. Tonge la kwanza likapita, la pili likapita, la tatu akalifungia mdomo. Mkono wa mama ukanyooka kumshika, kisha ukarudi.

"Nusura nimtoe mwanangu kwa ajili ya kamba," akasema.

Jioni bibi aliondoka peke yake, zipu ya gauni ikiwa wazi chini ya mtandio.