Suti ya Bosi

Mimi ni mdogo wa fundi, kazi yangu katika duka lake la kushona ni vifungo, na niseme mapema kwamba sina huruma na shemeji yangu. Anayetaka habari isiyoegemea upande akaitafute kwingine.

Dada yangu ni fundi cherehani. Ameinamia mashine tangu alipoolewa mpaka binti zake nao wakaolewa. Mumewe tulimwita Bosi, maana kazi yake ilikuwa kukaa kaunta na kupokea sifa. Leseni ya duka ilikuwa kwa jina lake. Alipohamia kwa mwanamke mwingine tulimshukuru Mungu kimyakimya, lakini wiki iliyofuata akarudi na tangazo: yule mwanamke ndiye atakayesimamia duka.

"Na mimi?" dada akauliza, pini zikiwa bado mdomoni.

"Wewe utabaki tu. Nitakuajiri, uwe fundi wangu."

Dada alitema pini zote kwenye kiganja. Mimi ninayemjua, niliogopa.

Bosi alimtuma dada yake aje kuchukua nguo zake. Kabla hajafika, dada yangu alishusha suti ya kijivu ya Bosi, ile ya shughuli kubwa. Bosi ana bega moja lililoshuka, na siku zote dada amekuwa akiongeza pamba upande huo ili mume wake aonekane kanyooka. Hilo tulilijua sisi wa ndani tu. Basi aliifumua suti nzima, mikono, kwapa na makalio ya suruali, kisha akaipiga bandi, yaani ile mishono mirefu ya kushikizia nguo mteja anapoijaribu, ambayo ukiivuta kidogo tu inaachia. Akaipiga pasi ikakaa kama mpya. Wifi yake aliibeba huku akiisifu.

Ndipo tukaanza kutafuta wakili. Wa kwanza aliahidi kummaliza Bosi, akaipiga meza ngumi, lakini hakumuuliza dada swali hata moja. "Huyo anajipenda mwenyewe," dada akasema tulipotoka. Wa pili alikuwa mtu wa kesi za viwanja, na alikiri mwenyewe kwamba mambo ya ndoa hayawezi. Ndiye aliyetuelekeza kwa wakili mwanamama wa ghorofa ya juu, mpole, miwani imefungwa kwa uzi.

"Unataka nini, mama?"

"Nataka alie."

"Hilo mahakama haitoi. Kingine?"

Dada akavuta pumzi. "Duka langu."

"Haya. Hapo tunaweza kuongea."

Tukauliza yote yaliyokuwa yakitukosesha usingizi. Bosi akikataa talaka je? Wakili akasema hakimu hasubiri ridhaa yake, anataka kuonyeshwa kwamba ndoa imevunjika. Na leseni yenye jina lake? Akasema jina si mwisho wa habari, huangaliwa pia nani alitoa jasho, na hilo lazima lithibitishwe. "Kwa hiyo usiondoke dukani, usiuze kitu, na usiharibu chochote chake. Hasira yako ndiyo itakuwa shahidi wake."

Dada akanitazama. Ikabidi aseme habari ya suti.

Wakili alivua miwani. "Umekata kitambaa?"

"Hata kidogo. Nimepiga bandi tu."

"Karudishe mishono leo."

"Imeshaondoka."

"Basi ombeni asiivae."

Tuliomba kweli, ila tuliomba aivae.

Siku ya kesi Bosi aliingia kajaa tele ndani ya kijivu. Majibu yake tayari yalishawasilishwa: duka ni lake, mkewe alikuwa akimsaidia tu pale anapopata nafasi. Mshenzi. Akaitwa kizimbani, akaambiwa anyanyue mkono ale kiapo. Akaunyanyua juu, kwa madaha, na mkono wa koti ukaachia begani, ukashuka taratibu mpaka kwenye kiwiko. Watu wakaguna. Akala kiapo hivyo hivyo, jasho likimtoka, kisha akaruhusiwa kukaa, na suruali nayo ikaachia nyuma kwa sauti ambayo karani aliisikia.

Mimi nilijiziba mdomo nisicheke, lakini dada alikuwa akikumbuka maneno ya wakili. Duka lilikuwa linaondoka na uzi ule.

"Ni yeye!" Bosi akafoka, kidole kwa dada. "Mheshimiwa, ni huyu! Hakuna nguo inayotoka mle dukani ambayo hajaishona yeye! Mimi hata kutunga uzi sijui!"

Wakili wetu akasimama polepole. "Naomba maneno hayo yaandikwe, mheshimiwa."

Mdomo uliponza kichwa. Hakimu alimkaripia dada kwa ile suti, akamwamuru aishone upya bila malipo, na dada akaitika kwa heshima zote. Hukumu ilipotoka, talaka ilitolewa na duka likabaki kwake, leseni ikabadilishwa jina.

Suti ililetwa na wifi yake, na dada akairudishia kila mshono, imara, sawasawa na amri ya hakimu. Pamba ya bega, aliyoitoa akishona, hakuirudisha, maana hakimu hakuitaja. Sasa Bosi akipita mbele ya duka na kijivu chake, kaenda upande, dada hunyanyua kichwa kutoka kwenye mashine na kumtazama mpaka aishilie kwenye kona.