Karatasi Kumi na Tatu za Bi Deolinda

Haya ninayotaka kukusimulia hutayaamini, na wala sitakulaumu. Watu wamenikatalia mambo madogo kuliko haya. Niliwahi kusema kwamba nimeendesha basi la umeme katika jiji hili la Lyon miaka thelathini na minne bila kumkwaruza hata njiwa, wakacheka mpaka wakashika meza. Na ilikuwa kweli tupu, ukimwondoa njiwa mmoja ambaye alijitakia mwenyewe. La leo ni kubwa zaidi. Nitakuonyesha mwanamke aliyepanda na kushuka ngazi siku kumi na moja, akavuka mto Rhône, akapanda kilima cha Caluire kwa miguu, ili akusanye kwa mikono yake sahihi za kumfukuza yeye mwenyewe kazini na nyumbani. Na hakuna aliyemlazimisha.

Mwenyewe yuko hapa mbele yangu, anamenya viazi. Ninaandika mezani pake, na kwa kuwa masista walinifundisha kuandika huku nikijisomea kwa sauti, nami nikaacha shule kabla hawajanifundisha namna nyingine, anasikia kila neno.

"Andika basi, Anselme, usimalize wino kwa njiwa," ananiambia.

Jina lake Deolinda Frazão. Alikuja kutoka milima ya kaskazini ya Ureno akiwa na miaka ishirini, na kwa miaka thelathini na moja alikuwa bawabu wa jengo letu, namba arobaini na saba, kule mtaa wa Guillotière. Alikaa chini pale, karibu na mlango mkubwa, katika chumba kimoja na jiko, mlango wa kioo na pazia la kusuka kwa mkono. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo hivi kwamba angeweza kukoroga supu, kufungua mlango na kumkemea mtu bila kunyanyuka kitini. Chumba kilikuja na kazi. Kazi ikiisha, na chumba basi. Ndivyo ilivyo kwa mabawabu wote, na kila mtu analijua hilo, ila hakuna anayelifikiria.

Saa kumi na moja alfajiri alikuwa anatoa mapipa ya taka barabarani. Saa mbili ngazi zilikuwa zimepigwa maji. Mkono wa ngazi ulikuwa wa shaba, naye aliusugua mpaka ungeweza kuona ndevu zako ndani yake. Nikirudi na mkate wangu kwapani, nilimkuta pale amesimama na ufagio kama askari wa mpakani.

"Viatu, mzee wa basi!"

"Vimefutwa, mama."

"Vimefutwa wapi? Kwenye suruali?"

"Wewe hata Papa akija utamwambia avue viatu."

"Papa anajua kufuta viatu. Amelelewa vizuri. Rudi kwenye jamvi."

Lakini fahari yake kubwa haikuwa shaba. Ilikuwa barua. Barua zote za jengo zilipita mkononi mwake, naye katika miaka thelathini na moja hakusoma hata mstari mmoja usio wake. Kadi za posta, ambazo hata mtakatifu angezisoma, alizigeuza kifudifudi kabla ya kuzisukuma chini ya mlango. Mimi nilipokuwa namchokoza, "Haya niambie, yule daktari wa ghorofa ya pili anaandikiwa na nani?" alinitazama kama mtu aliyetema mate kanisani. "Karatasi ya mtu ni ya mtu," alisema, akaendelea kufagia.

Kumbuka hilo, maana ndilo lililommaliza.

Sasa, jengo letu lina wenye fleti ishirini na wanne. Mara moja kwa mwaka wanaitwa mkutanoni kupiga kura juu ya mambo ya jengo. Wanaletewa barua ya rejista, kurasa arobaini za tarakimu na ajenda, ambayo mtu huiweka juu ya friji hadi mwaka unaofuata. Wanaokuja huwa wanane au tisa, na kwa mambo makubwa sheria inataka theluthi mbili ya wenye jengo wote, si ya waliofika tu. Asiyeweza kuja anaruhusiwa kutia sahihi karatasi ya kuwakilishwa, na juu yake aandike jina la mtu atakayempigia kura. Asipoandika jina, nafasi ikibaki wazi, karatasi inakwenda kwa mwenyekiti, naye anaigawa anakotaka. Watu wetu hawaandiki jina. Kuandika jina ni kuchagua jirani, na kuchagua jirani mmoja ni kuwaudhi ishirini na wawili.

Paa lilikuwa linavuja. Miaka miwili mfululizo mkutano ulishindwa hata kuamua kulitengeneza, kwa kuwa viti vilikuwa vitupu. Maji yalishuka ukutani hadi ghorofa ya tatu, na aliyekuwa anayapangusa kila asubuhi ni nani? Ni huyu hapa mwenye kisu. Ndipo mwaka ule, mwezi wa Machi, akasimama chini ya ngazi akaapa.

"Mwaka huu watatia sahihi wote. Wasipokuja wao, zitakuja karatasi zao. Nitawafuata mpaka kitandani."

Nikamwambia, "Deolinda, hiyo si kazi yako."

"Maji yanaingia kwenye ndoo ya nani?"

Akaanza. Aligonga kila mlango wa jengo. Walioishi humo aliwakuta wakiwa na taulo kichwani au kijiko mdomoni, akawashikisha kalamu. "Ni kwa ajili ya paa, bwana. Sahihi hapa chini." Waliohama na kupangisha, akawafuata: mmoja Villeurbanne, mmoja nyuma ya stesheni ya Perrache, na yule mzee Garampon aliyeko kwenye nyumba ya wazee kule Caluire, akampandia kilima kwa miguu kwa kuwa siku hiyo mabasi yaligoma. Mzee Garampon alimdhania binti yake. Akatia sahihi akilia.

Wote walikuwa na ajenda juu ya friji. Paa lilikuwa jambo la sita. Jambo la kumi na saba, nyuma ya ukurasa wa tisa, lilisema: kufuta kazi ya bawabu, na kukigeuza chumba chake kuwa mahali pa baiskeli na makabati ya vifurushi. Hakuna aliyefika ukurasa wa tisa. Yeye ajenda hakuletewa, kwa kuwa si mwenye fleti. Na bahasha ishirini na nne zilipopita mkononi mwake, alizigawa zikiwa zimefungwa, kama kawaida yake. Hata pale mwenye fleti alipomwachia mlango wazi na ile bahasha ikiwa imepasuliwa mezani, Deolinda alitazama dirishani.

Nasema hakuna aliyefika ukurasa wa tisa. Yuko mmoja. Bi Peyrachon wa ghorofa ya tatu, mwalimu mstaafu, husoma kila kitu hadi maelezo ya dawa ya kikohozi. Huyo alitia sahihi polepole, kisha akaingia ndani, akatoka na boksi la chokoleti la kilo nzima, lenye utepe.

"Chukua, Bi Deolinda. Umetuhudumia vizuri."

"Kwani ni Krismasi, mama?"

"Chukua tu." Na akafunga mlango.

Deolinda aliniletea nikala sita. Alifurahi kama mtoto. "Umeona? Yule mama watu wanamsema vibaya bure."

Karatasi kumi na tatu. Akazipanga, akazinyoosha kwa kiganja, akazitia kwenye bahasha ya kaki na kumpelekea mwenyekiti wetu, Bwana Rochigneux wa ghorofa ya kwanza, mwuza bima, mtu wa baiskeli za bei mbaya. Rochigneux akazihesabu pale mlangoni.

"Kumi na tatu! Bi Deolinda, wewe ni hazina ya jengo hili."

Hayo ni maneno yake, sikuongeza hata nukta.

Siku ya mkutano walifika watu kumi. Kati ya hao kumi, wanne walikataa jambo la kumi na saba, na mmojawapo akasema ni aibu. Bila zile karatasi, jambo lingekufa palepale kama paa lilivyokufa miaka miwili. Lakini kumi na tatu zilikuwepo, wazi zote, mikononi mwa Rochigneux na wenzake. Sita wakiongeza kumi na tatu ni kumi na tisa. Theluthi mbili ilikuwa kumi na sita. Paa likapita. Na yeye akapita.

Wiki tatu baadaye tarishi alileta barua ya rejista, na kwa mara ya kwanza jina juu yake lilikuwa Frazão. Nilimsikia akipanda ngazi hadi kwangu ghorofa ya tano, polepole, bila ndoo.

"Nisomee."

"Wewe unasoma vizuri kuliko mimi."

"Nimesoma. Nataka kusikia kwa mdomo wa mtu."

Nikamsomea. Miezi sita, kisha chumba kikabidhiwe kitupu. Akauliza, "Nani kapiga kura hii?"

"Jengo."

"Jengo gani? Walikwenda watu kumi. Niliwaona wakitoka."

"Na zile karatasi, Deolinda."

"Karatasi zipi?"

Nikaikunja barua. Aliketi kwenye ngazi, yeye ambaye aliwafukuza watu wasikae kwenye ngazi kwa miaka thelathini na moja, akaketi juu ya jiwe tupu, na aproni yake, na akaanza kuwahesabu kwa vidole: huyu wa taulo, huyu wa kijiko, Perrache, Villeurbanne, mzee Garampon. Alipofika kwa Bi Peyrachon alisema, "Chokoleti," basi.

Asubuhi ya kuondoka aliusugua mkono wa ngazi kutoka chini hadi juu. Nikamwambia, "Waachie ufanye kutu." Akasema shaba haifanyi kutu, na mimi sijui kitu.

Sasa anakaa huku Vénissieux kwa dada yake, ghorofa ya tisa, chumba kinachotazama barabara kuu. Saa kumi na moja alfajiri bado anaamka, anavaa, kisha anaketi kitandani maana hakuna pipa. Kule kwetu makabati ya vifurushi yanalia yakifunguliwa. Mapipa yanatolewa na kampuni, siku inapopenda. Paa limetengenezwa, halivuji hata tone, na huwezi kumpata mtu wa kumwonyesha.

Na hili hutaliamini pia. Januari iliyopita bomba lilipasuka, maji yakaanza kupanda kwenye baiskeli za Rochigneux. Akampigia nani? Kampuni? Alimpigia huyu hapa. Mimi nilikuwa mezani hapa hapa, nikasikia kila kitu.

"Bi Deolinda, samahani, koki kuu iko wapi?"

Nikamfanyia ishara: kata! Acha waogelee! Akanigeuzia mgongo. "Pale kitanda changu kilipokuwa," alisema. "Ukutani, chini, kimlango cha bati. Zungusha kushoto. Usitumie nguvu, utaivunja." Akasubiri kwenye simu mpaka akasikia maji yamekatika. Rochigneux akasema asante, na hakuuliza habari za afya.

Ule mkutano wenyewe nimeupitia haraka makusudi, maana hapo ndipo napoingia mimi, na sipendi kujisifu. Lakini mtu lazima aseme ukweli. Ulifanyika ukumbi wa parokia, saa kumi na mbili jioni. Rochigneux alisoma jambo la kumi na saba haraka, kama mtu anayemeza kidonge. Ndipo mimi nikanyanyuka. Nilikuwa na kikohozi, lakini nikanyanyuka. Nikapiga ngumi mezani hata bilauri ya mwenyekiti ikaruka, nikamwambia mbele ya wote, "Sikiliza wewe mwuza bima, ukitaka kumtoa yule mama pale chini, itabidi kwanza upite juu ya—"

"Anselme." Kisu kimesimama katikati ya kiazi. "Meza ipi? Wewe hukwenda. Yako ndiyo ilikuwa karatasi ya kwanza. Hukutaka hata kurudi ndani kutafuta mahali pa kuandikia. Uliitia sahihi juu ya mgongo wangu, pale pale kwenye ngazi."